Sindano Moja kwa Pacha Wawili

Kidega, mhudumu wa afya wa kijiji, alipita Bar-Olam asubuhi na baiskeli yake, kipaza sauti kimefungwa kwenye usukani kwa utepe wa mpira wa tairi. Betri zilikuwa zimechoka tangu Krismasi, na sauti ilitoka kama ya mtu anayesemea ndani ya mtungi. Olanya alikuwa shimoni, akikanda udongo wa matofali kwa miguu. Alisikia "Alhamisi," akasikia "shuleni," akasikia "leteni," kisha kilichobaki kikawa mkwaruzo mtupu.

"Amesema tulete nini?" aliuliza.

"Mbuzi," alijibu Ogwang, mwenzake wa kazi, bila kuinua macho kutoka kwenye kalibu. "Mwezi uliopita walichoma ng'ombe sindano. Sasa zamu ya mbuzi."

Jambo hilo lilimwingia Olanya akilini. Jioni alipofika nyumbani alimkuta mama yake, Korina, akipepeta ufuta. Korina akasema hapana, si mbuzi wote, ni watoto wa mbuzi tu. Neno "watoto" amelisikia kwa masikio yake mwenyewe. Olanya akalikubali na hilo.

Mkewe Lamwaka alikuwa amelala kwenye mkeka mlangoni, mguu wa kulia umefungwa vijiti kuanzia gotini hadi kifundoni. Aliteleza bombani akiwa na ndoo kichwani, mfupa ukavunjika, na mzee anayeunga mifupa alikuwa amemkataza kuukanyagia mpaka amruhusu mwenyewe. Pembeni yake pacha wao, Apiyo na Acen, wasichana wawili waliofanana kama punje za mbaazi, walikuwa wakinyang'anyana kijiko.

"Watoto wa watu," Lamwaka alisema. "Waliotimiza miezi tisa. Surua imesikika ng'ambo ya milima, na chanjo inaletwa shuleni Alhamisi. Mimi nalala hapa kutwa, sina kazi ila kusikiliza."

"Basi nani atawapeleka?"

Lamwaka alimtazama, akautazama mguu wake, akamtazama tena.

"Mimi?" Olanya alishtuka.

"Kwani hawa niliwazaa na nani?"

Olanya alikuwa mtu mwema, ila wema wake ulikuwa wa kuchosha. Mtu akimweleza jambo, analisadiki. Akija wa pili na jambo la kinyume, analisadiki na hilo, kisha anakaa katikati ya mawili hayo kama mtu aliyesimama mtoni, maji yakimvuta miguu pande zote. Si kwamba alikuwa mjinga. Matofali yake yalikuwa hayavunjiki, na watu walitoka mbali kuja kumwomba awapangie tanuru. Lakini udongo hausemi. Watu ndio waliompa taabu, kwa sababu kila mmoja alipokuwa akizungumza alionekana kuwa na haki.

Kesho yake shimoni, Ogwang alimwekea simu sikioni. Mwanamume asiyetaja jina lake alikuwa akisema kwa huzuni kwamba sindano hizi zimetengenezwa ili wasichana wa kaskazini wasizae.

"Una wawili," Ogwang alisema. "Wote wa kike. Wewe ndiwe wanayekutafuta."

"Nani ametuma maneno haya?"

"Shemeji yangu wa Gulu."

"Yeye ameyapata wapi?"

"Mbona unaniuliza kama polisi? Sikia, amua. Mimi nimekwambia kwa sababu nakupenda."

Olanya alirudi nyumbani na maneno hayo, na kabla hajayatua, mama yake alimwekea mengine.

"Pacha si watoto wa mchezo," Korina alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, miguu imenyooshwa. "Ukimpa mmoja kikuku, mpe na mwenziwe. Ukimsalimia mmoja, msalimie wa pili. Wakichomwa, wachomwe wote, saa moja, mkono mmoja. Vinginevyo waache. Na mimi ningesema waache. Sindano ilimuua ndugu yako."

Onen, mdogo wake Olanya, alikuwa amefia kambini wakati wa vita, walipokuwa wamesongamana huko, nyumba zikigusana mapaa. Olanya alimkumbuka kama mtu anavyokumbuka ndoto: kichwa kikubwa, kikohozi, mkono mdogo wenye joto.

"Mama, uliwahi kutuambia Onen hakuchomwa. Ulisema foleni ilikatwa kabla hajafikiwa."

"Nani alisema?"

"Wewe. Siku ya matanga ya mjomba."

Vidole vya Korina viliokota punje moja ya ufuta kutoka kwenye kanga, vikaitupa, vikaokota nyingine.

"Nakumbuka foleni," alisema hatimaye. "Nakumbuka alilia ameshika mkono wake. Nakumbuka askari akikunja meza. Sijui kipi kilitangulia. Wewe ulikuwapo. Wewe hukumbuki?"

Olanya alijaribu. Aliiona meza, aliiona foleni, alimwona mtoto akilia ameshika bega. Lakini alipomtazama vizuri mtoto huyo, hakujua kama ni Onen au ni yeye mwenyewe. Je, ndugu yake alikufa kwa sababu alichomwa, au alikufa kwa sababu hakuchomwa? Lilikuwa swali ambalo jibu lake lingemwonyesha la kufanya, na watu wawili pekee waliokuwapo siku ile walikuwa wamekaa hapo kwenye ua, na hawajui.

"Utawapeleka," Lamwaka alisema kutoka kwenye mkeka. Hakupaza sauti. "Mama, nakuheshimu. Lakini mimi surua nimeiona ikila watoto wa dada yangu. Sindano sijaiona ikila mtu."

Kwa kuwa Lamwaka ndiye aliyesema mwisho, Alhamisi ilipofika Olanya alimfunga Apiyo mgongoni kwa kanga ya mkewe, akampakata Acen kifuani, akashika njia ya shuleni. Au pengine alimfunga Acen na kumpakata Apiyo. Lamwaka alikuwa amemweleza namna ya kuwatambua, kwamba Apiyo ana alama nyeusi kama tone la wino nyuma ya sikio, ila hakukumbuka ni sikio lipi, na njiani wote wawili walikuwa na vumbi masikioni.

Wanawake walimwona kutoka mbali.

"Jamani! Olanya amejifungua lini?" alipiga kelele Akidi, jirani yao, mwanamke ambaye sauti yake ilitangulia kufika popote. "Hongera, dada! Uchungu ulikuwaje?"

"Ulikuwa mkali," Olanya alisema, maana hakujua aseme nini.

Walicheka mpaka watoto wakaamka. Mmoja alimuuliza kama maziwa yanatoka vizuri. Mwingine alimshauri anywe uji wa mtama. Ukimwacha Kidega, mwanamume pekee mwingine pale alikuwa Mzee Labeja, aliyeishi ng'ambo ya kijito, na yeye alikuja akiburuta mbuzi watano kwa kamba moja. Kidega aliacha kupanga mabenchi akamkimbilia.

"Mzee, leo si mbuzi! Leo ni watoto wa watu!"

"Wewe mwenyewe ulisema mbuzi."

"Nilisema watoto wachanga, mzee."

"Kwa mdomo gani? Nilikusikia nikiwa shambani. Umesema mbuzi."

Kicheko kilihama kutoka kwa Olanya kikamwangukia mzee, na Olanya, kwa kuona nafuu, alicheka na wengine. Labeja alitema mate kando, akageuza mbuzi wake, akarudi alikotoka bila kuaga. Watu walimtazama akivuka uwanja, mbuzi wa mwisho akigoma. Hakuna aliyemuuliza kama nyumbani kwake kuna mtoto.

Sista Piloya, muuguzi wa kituo cha afya, alichelewa. Pikipiki ya kituo ilikuwa imekatika mnyororo, akafika jua likiwa utosini, akikumbatia kisanduku chake cha barafu kama kuku aliyeibwa. Hakuanza mara moja. Aliwahesabu watoto kwa macho, akasema wasubiri kidogo wengine wafike, kwa kuwa chupa ya surua ikishafunguliwa haikai. Kisichotumika leo kinamwagwa. Waliosubiri walisubiri. Waliochoka kusubiri waliondoka kwenda kupika, na kwa vile waliondoka, ilibidi wengine wasubiriwe tena. Olanya aliliangalia jambo hilo likizunguka hivyo akahisi kichwa kikizunguka nalo.

Mwishowe chupa ilifunguliwa. Foleni ikasogea, watoto wakalia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimfundisha anayefuata. Akina mama wawili walikuwa wamempokea Olanya mizigo yake. Mmoja wa pacha alikuwa kwa Akidi, mwingine kwa mama mmoja mwenye kitambaa chekundu, na yeye amesimama katikati na kadi mbili za kliniki mkononi kama mtu aliyeokota tiketi za wenyewe.

Sista aliinua chupa kwenye mwanga, akaitikisa.

"Imebaki ya mtoto mmoja," alisema.

"Ninao wawili."

"Naona. Ninayo chupa nyingine, lakini siwezi kuifungua kwa mtoto mmoja. Nyuma yako hakuna mtu. Nitamwaga dozi za watoto tisa, na mwezi uliopita tuliishiwa kabisa, akina mama walirudi mikono mitupu. Nilisemwa mimi."

"Lakini hawa ni pacha, Sista."

"Ndiyo. Mmoja leo, mwingine mwezi ujao."

"Pacha hawagawanywi hivyo. Mama yangu..."

"Basi niimwage na hii?"

Olanya alifungua mdomo. Akimchagua Apiyo, amemwacha Acen mbele ya surua. Akimchagua Acen, amemdharau mkubwa aliyetangulia kuzaliwa. Akiwaacha wote, Lamwaka atamuuliza alikwenda shuleni kufanya nini. Maneno ya simu ya Ogwang nayo yakamrudia: labda hii ndiyo nafasi ya kuokoa japo uzazi wa mmoja. Kisha akajionea aibu kwa kulifikiri hilo. Watu walikuwa wakimtazama. Jasho lilimtiririka mgongoni pale mtoto alipokuwa amelala.

"Olanya, jua linazama!" Akidi alisema, na kwa kuwa alikuwa karibu na meza kuliko wote, alimkalisha mtoto aliyekuwa naye mapajani mwa Sista. Sindano ikaingia. Mtoto akalia. Mwenziwe, kule kwenye kitambaa chekundu, akalia vilevile, kwa nguvu zaidi.

"Huyu ni nani?" Sista aliuliza, kalamu juu ya kadi.

"Apiyo," Olanya alisema, kwa sababu lilikuwa jina la kwanza.

Kisha wanawake wakamrudishia watoto wote wawili kwa pamoja, wote wakilia, mmoja akafungwa mgongoni na mwingine akawekwa kifuani, naye Olanya akasukumwa kwa utani kuelekea njiani.

Lamwaka aliwapokea, akawalaza mkekani, akawaangalia mikono. Olanya alimweleza yote.

"Yupi?"

"Aliyelia."

"Wote wanalia."

"Aliyekuwa kwa Akidi."

"Na kwa Akidi alikuwa yupi?"

Olanya aliwatazama binti zake. Walimtazama, macho manne yaleyale, na akaona kwamba hata wao hawana la kumsaidia. Alama ya sindano ilikuwa ndogo kiasi kwamba ungeweza kusema ni ya mbu, na mbu wa Bar-Olam hawakuwa wamemwacha yeyote.

"Kadi inasema Apiyo," alisema.

"Nani aliiambia kadi?"

Lamwaka alianza kucheka, akajizuia kwa sababu mguu ulimuuma, kisha machozi yakamtoka, na Olanya hakujua kama ni ya kicheko, ya mguu au ya hasira. Alidhani ni ya yote matatu.

Korina hakucheka hata kidogo. Alisimama, akachuma ubua mkavu wa nyasi nyuma ya nyumba, akapiga magoti mbele ya wajukuu zake. Alimgusa wa kwanza begani kwa ncha ya ubua huo, taratibu, akisema, "Nawe umechomwa, mama yangu, usimwonee mwenzio wivu." Alipotaka kuutupa alisita, kwani hakujua kama aliyemgusa ndiye aliyeachwa. Basi akamgusa na wa pili, kwa maneno yaleyale. Pacha waliukamata ubua wakauvunja.

Wiki ikapita na kidogo. Asubuhi moja mmoja wa pacha aliamka na joto. Kufikia mchana vipele vyepesi vilikuwa vimetokea kifuani na nyuma ya masikio. Alikuwa Acen, Lamwaka alikuwa na uhakika, tone la wino halikuwapo.

Olanya alikimbia kwa Kidega, akamkuta akishona mfuko wa baiskeli.

"Homa na vipele?" Kidega alisema. "Hiyo si kitu, Baba Pacha. Sindano ya surua huleta homa ndogo baada ya wiki. Inaonyesha damu imeshika."

"Na kama hakuchomwa yeye?"

Kidega aliweka sindano yake ya kushonea chini. "Basi inaweza kuwa surua yenyewe."

"Kwa hiyo ni salama au ni hatari?"

"Inategemea ni nani."

"Ndiyo ninayokuuliza."

"Na mimi ndiyo ninayokuuliza wewe. Wewe ndiye uliyekuwa pale mezani."

Olanya alitembea kurudi nyumbani akiwa hahisi ardhi. Kama mtoto mwenye homa ndiye aliyechomwa, basi anapona, na aliye mzima ndiye aliye hatarini. Kama aliye mzima ndiye aliyechomwa, basi mwenye homa ana surua, na alikuwa analala kifua kwa kifua na mwenziwe. Kila alipomshika mmoja, hofu ilimhamia mwingine. Mbele ya nyumba alimkuta Korina amekwisha kujitanda kanga yake ya kanisani.

"Tunakwenda kituoni," alisema mama mtu. "Ita bodaboda."

"Mama, wewe si ndiye uliyesema..."

"Najua nilichosema. Sikuuliza nilichosema. Ita bodaboda."

Walipanda wote kwenye pikipiki moja, dereva, Olanya, Korina, na pacha wakiwa wamebanwa katikati kama chapati. Kituoni ilikuwa siku ya kliniki na watu walikuwa wengi. Sista Piloya alimkumbuka mara moja.

"Baba Pacha! Mwezi haujaisha."

"Sista, mmoja anaungua."

Alimchukua Acen, akamfungua macho, akamtazama ndani ya mdomo, akasikiliza kifua. Alichukua muda. Korina alisimama karibu kiasi cha kumpumulia shingoni.

"Macho meupe," Sista alisema. "Pua kavu, hakohoi, mdomo safi. Si surua hii. Huyu ndiye tuliyemchoma."

"Kadi inasema Apiyo, na huyu ni Acen," Olanya alisema.

"Basi kadi imekosea."

"Kadi haikukosea. Nilikosea mimi. Una hakika?"

Sista alimtazama mtoto tena. Sista mwenyewe alikuwa msichana bado, mdogo kuliko Lamwaka, na mikono yake ilinuka spiriti. "Nina hakika kiasi," alisema. "Sana. Lakini siwezi kuapa. Tufanye hivi: leo chupa imefunguliwa, watoto ni wengi. Nitawachoma wote wawili, swali liishe."

"Na kama huyu alishachomwa? Mara mbili haitamdhuru?"

"Haidhuru. Kurudia si tatizo, na homa ndogo kama hii haizuii."

Olanya alifikiri. Kwa mara ya kwanza tangu Kidega apite na kipaza sauti, alikuwa na jambo lake mwenyewe la kusema, si la mtu mwingine.

"Sista, kama ziada haidhuru, mbona siku ile ulininyima moja?"

Sista Piloya aliipangusa meza iliyokuwa tayari safi.

"Tuliambiwa tusipoteze dawa," alisema. "Ukipoteza, unaandikwa. Sasa wiki hii imekuja habari nyingine, kwamba hata akija mtoto mmoja tumfungulie. Nisipofungua nakosa, nikifungua nikaishiwa nakosa. Ulipoondoka siku ile sikula vizuri. Samahani, Baba Pacha."

Olanya alikuwa amejiandaa kwa hasira, na hasira ikakosa pa kukaa. Alitikisa kichwa. Ilimshangaza kwamba hata upande ule wa meza watu walikuwa wanavutwa na maji.

Pacha walichomwa, mmoja baada ya mwingine, mkono uleule wa kushoto, kama Korina alivyotaka tangu mwanzo. Walipokuwa wakiwapangusa machozi, Korina aliuliza bila kumtazama mtu.

"Mwanangu. Mtoto aliyefia kambini. Alikuwa na kikohozi na macho mekundu. Alikuwa amechomwa, au labda hakuchomwa. Kilimuua nini?"

"Kambini?" Sista alimpa kiti. "Mama, siwezi kujua. Macho mekundu na kikohozi ni dalili za surua, na surua iliua wengi kambini. Lakini sikuwapo."

"Hukuwapo," Korina alikubali. Alikaa kwenye kiti kile. Kisha akasema, "Mimi nilikuwapo na sijui," akasimama na kumchukua mjukuu mmoja.

Njiani kurudi, upepo ukiwapiga, alimgonga Olanya begani.

"Sasa mmoja ana mbili na mwenziwe moja."

"Sista anasema wakifika mwaka na nusu kila mtu anapata nyingine."

"Basi siku hiyo mmoja atakuwa na tatu!"

Dereva wa bodaboda alicheka mpaka pikipiki ikayumba.

Homa ya Acen ilishuka kesho yake, na vipele vikafifia. Apiyo hakuumwa. Kwa siku kadhaa nyumba ilitulia, na Olanya akarudi shimoni, ambako Ogwang alimweleza kwamba yale maneno ya simu sasa yanasemwa kuwa ni ya nchi nyingine kabisa, na ya miaka mingi iliyopita.

"Kwa hiyo ni uongo?"

"Sijasema ni uongo. Nimesema ni ya nchi nyingine."

Kisha surua ikavuka milima kweli. Haikuingia Bar-Olam kwa kishindo. Iliingia nyumba moja tu, ng'ambo ya kijito, kwa Mzee Labeja. Kulikuwa na mjukuu pale, mvulana wa karibu mwaka mmoja, aliyeachwa na mama yake aliyekwenda kutafuta kazi Kampala. Hakuna mtu aliyekuwa ameikataa chanjo katika nyumba hiyo. Hakuna aliyekuwa na simu yenye maneno, wala mama mkwe mwenye kumbukumbu. Walikuwa wamesikia mbuzi, na wakapeleka mbuzi. Mtoto aliungua, macho yakafumba, kifua kikajaa, na walipompakia kwenye baiskeli kumpeleka kituoni alikuwa tayari amechoka. Alizikwa kesho yake alasiri.

Olanya alikwenda kuchimba kaburi. Mzee alikuwa amekaa kwenye ubao wa zizi, mbuzi watano nyuma yake wakitafuna, wanono.

"Nilifika pale," Labeja alisema, si kwa Olanya hasa. "Nilifika mpaka pale shuleni. Wangeniuliza tu."

Olanya alisimama na jembe mkononi. Alitaka kusema kwamba na yeye alicheka siku ile, lakini maneno hayo yangemsaidia nani? Aliona tu kwamba yeye aliyekuwa na mashaka ya kila namna, aliyevutwa huku na huku, ambaye hata watoto wake hakuwatambua, wake wako nyumbani wanacheza. Na huyu asiyekuwa na shaka yoyote, aliyeitika mwito kwa haraka kuliko wote, anazika. Alilipindua jambo hilo kila upande akitafuta mahali pa kulishika, hakupata. Akashuka kaburini akaendelea kuchimba.

Tangu siku hiyo Kidega hakukitumia tena kipaza sauti. Alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu, akiingia kila ua na kuuliza, "Hapa kuna mtoto wa umri gani?" mpaka watu wakamchoka na kumwita karani wa kodi.

Pacha walijifunza kutembea, wakajifunza kukimbia, na wakatimiza mwaka na nusu. Lamwaka alikuwa amepona, akichechemea kidogo wakati wa mvua. Angeweza kuwapeleka mwenyewe, lakini wawili walikuwa wazito sasa, kwa hiyo walikwenda pamoja, yeye na Apiyo, Olanya na Acen. Wanawake walimtania kidogo tu. Walikuwa wamemzoea, na kulikuwa na wanaume wengine watatu kwenye benchi, kila mmoja akijifanya amekuja kwa shughuli nyingine.

Nje ya lango la shule alisimama kijana mmoja ameegemea baiskeli, mkewe kando yake na mtoto aliyefunikwa gubigubi. Walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini. Kijana alimwona Olanya.

"Kaka," alisema, "samahani. Wewe umeshawahi kuwaleta watoto hapa?"

"Nimewahi."

"Ni salama? Maana kwetu wanasema mengi. Baba anasema hivi, mchungaji anasema vile, huyu naye," akamwonyesha mkewe kwa kidevu, "anasema lake."

Olanya alimhamisha Acen bega la pili. Aliwaona wote watatu wakimsubiri, hata yule mchanga, jicho moja limechungulia kwenye kanga. Hakuna aliyewahi kumsubiri Olanya aseme. Alifikiria kumweleza habari za Onen, za chupa, za ubua wa nyasi, za mbuzi; akaona kwamba akianza hapo hatamaliza, na kijana ataondoka amechanganyikiwa kuliko alivyokuja.

"Mimi si mjuzi, ndugu yangu," alisema. "Ukiniuliza yote, mengi sijui hadi leo. Ila surua nimeichimbia kaburi, na sindano hawa wamepigwa, mmoja moja, mwingine mbili, na ndio hawa."

"Yupi alipigwa mbili?" mke wa kijana aliuliza.

Olanya alimtazama Acen, kisha akamtazama Lamwaka aliyekuwa ametangulia na Apiyo.

"Kamuulize mke wangu," alisema, akaingia ndani kupanga foleni.